Mji wa Gwangwandu

Nakutegea, Limi, na leo usijibu kwa pupa: nilimzaa kwa mdomo, akakua bila kunyonya, watu wakamtafuta wasimpate, na siku walipomuua wakafa wengine. Ni nani huyo?

Upepo? Sio upepo. Upepo niliukuta. Njaa? Njaa inazaliwa tumboni, na hakuna anayeitafuta. Redio? Ah, hapo umenichekesha, mke mwenzangu, karanga zimenipalia, nipigepige mgongoni. Basi. Umeshindwa. Toa mji.

"Chukua wowote, bibi."

"Hakuna mji unaoitwa Wowote. Toa mji."

Wengine wakishindwa hunipa miji mikubwa, yenye treni na taa za barabarani. Mama yako alipokuwa na umri wako alinipa mji wenye kiwanda cha biskuti, nikakaa humo kwa muda wa kucheka mara mbili, nikamrudishia. Ndivyo tunavyocheza: anayeshindwa hutoa mji, aliyetega huingia akautawala kidogo, akasema aliyoyaona huko, kisha akatoa jibu. Lakini wewe ulitazama dirishani, kule kwenye pori la nyuma ya shule, ukasema, "Chukua ule usio na jina." Hukujua unanipa nini. Nimeshapewa mji huo mara nyingi, na kila ninapotoka huko nina majivu miguuni.

Nitaingia. Ila kwanza nikukumbushe ulivyokuja. Umerudi shuleni mchana huu umejibana kifua kama mtu aliyeficha kifaranga ndani ya sare. Ukafunga mlango, ukaninong'oneza: umemwona kakakuona kwenye gogo, ana mtoto amempanda mkiani, na hujamwambia mtu. Wenzako umewaambia kuna dude huko, lina macho sita, linapenda watoto wenye vidonda, ili wasisogee. Ukaniangalia usoni ukingoja nikusifu. Sikukusifu. Ndipo ukasema kesho bwana nyama, yule mlinzi wa wanyamapori, anakuja shuleni na daftari lake, atawauliza mmeona nini huko porini, kwa sababu kuna watu wanataka kulichoma pori lile walime. "Nimjibu nini, bibi?"

Swali hilo sijalijibu. Liko hapa jamvini, kati ya bakuli la karanga na goti langu. Nalitazama, linanitazama. Ngoja nipite mjini kwanza, ndio tujue kama nina mdomo wa kulijibu.

*

Mji usio na jina hauna njia ya kuuendea. Unapewa, umo. Ukiingia unapungua: kwanza magoti yangu yanaacha kuuma, kisha meno yanarudi moja moja, kisha kanga inakuwa ndefu mno, inaburuta, nami nina miaka minane, jina langu ni Nyamizi, na hakuna aliyewahi kuniita bibi. Jua liko utosini. Huku ni saa sita mchana, na ikipita saa sita inakuja saa sita nyingine. Watu hawana vivuli kwa sababu kila mmoja amekikalia cha kwake. Nyuki ndio saa: wakivuma nene watu wanakula, wakivuma nyembamba watu wananyamaza.

Ni mji wa warina asali. Mizinga ya magogo imelala juu ya matawi kama watu waliopandishwa usingizini wakasahauliwa. Kila nyumba inanuka nta. Mtoto wa huku hufundishwa moshi kabla hajafundishwa kuhesabu: moshi mdogo ni wa kuwatuliza nyuki, moshi wa kati ni wa kuwasogeza, na moshi mkubwa haufundishwi, unakatazwa tu. Baba yangu, Lutonja, alikuwa na mizinga kumi na mmoja, yote katika kichaka kimoja kinene, ng'ambo ya korongo. Aliongea na nyuki kwa heshima ambayo wanadamu hawakuipata kwake. Kabla ya kupanda mti alivua kofia: "Hodi wenye nyumba. Naomba kidogo, nanyi mbaki na chenu." Mimi nilimpelekea uji, nikakaa chini nikimngoja ashuke.

Huko ndiko nilikomwona.

Kakakuona wenyewe hutoka giza likiingia, unajua, lakini katika mji ule giza haliingii, kwa hiyo alitoka tu. Alikuwa kama mtu aliyeota kucha mwili mzima. Alitembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama mzee anayekuja kuomba radhi kwa kosa asilolikumbuka. Kwenye shina la mkia wake alikuwepo mtoto, amelala kifudifudi, ameng'ang'ania, anapelekwa anakopelekwa. Mama alisimama kwenye kichuguu, akatoa ulimi mrefu, akalamba mchwa. Tulitazamana. Nikangoja ajikunje kwa hofu. Hakujikunja. Alinitazama kama mtu anayemtazama jirani, akaendelea kula. Limi, nimeshapewa shanga, nimeshapewa mume, nimeshapewa watoto sita. Sijawahi kupewa kitu kama kule kutoogopwa.

Utauliza kwa nini sikumkimbilia baba. Ningekimbia. Katika mji ule mtoto anayemwona kakakuona huvishwa shanga na kubebwa mabegani. Kakakuona mwenyewe hufunikwa kaniki, hupelekwa uwanjani kwa nyimbo, huwekwa chini mbele ya mtemi. Pande zake nne huwekwa maji katika kibuyu, unga katika ungo, jembe, na mshale. Watu hunyamaza hata nyuki wasikike. Akienda kwenye maji, mvua itanyesha. Akienda kwenye unga, ghala zitajaa. Akienda kwenye jembe, kazi itakuwa ngumu. Akienda kwenye mshale, wanaume hulala na viatu. Kisha hurudishwa pale pale alipotolewa, hata jani lililokuwa mbele ya pua yake hutafutwa, likawekwa tena.

Hiyo ni zamani. Wakati wangu palikuwa na mtu nyuma ya uwanja, amesimama na baiskeli, ana gunia tupu begani. Sikuwahi kuuona uso wake. Nilimzunguka nikitaka kuuona, na kila upande niliokwenda palikuwa na mgongo. Kakakuona wa mwaka uliotangulia alikwenda kwenye maji, watu wakaishangilia mvua mpaka sauti zikakauka. Siku tatu baadaye nilitumwa kwa mtemi kuazima ungo. Nikakuta magamba yameanikwa juani, yanangoja lile gunia, kwenye ungo ule ule aliowekewa unga. Unga kidogo ulikuwa bado umeganda ukingoni.

"Mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

"Amerudi kwao," akanijibu mke wa mtemi.

"Bila nguo zake?"

Walicheka sana, yeye na wanawake waliokuwa uani kwake. Walisema mtoto wa Lutonja ana maneno. Nikaondoka na ungo mwingine kichwani, na kile kicheko kikanifuata mpaka nyumbani, kikaniambia kitu ambacho ningeomba nisingekisikia: kwamba nina maneno.

*

Kwa hiyo nilipomwona huyu wa kichakani, mwenye mtoto mkiani, nilijua kunyamaza hakutoshi. Wanawake walikwenda kule kutafuta kuni, watoto walikwenda kuchuma matunda. Siku moja angeonekana na mwingine. Alihitaji mlinzi. Sikuwa na mbwa, sikuwa na uzio. Nilikuwa na mdomo.

Nilianza na rafiki yangu, Nshoma, kisimani.

"Nshoma, usiende kichakani tena."

"Kuna nini?"

"Kuna Gwangwandu."

"Ndio nani huyo?"

Nilikuwa sijui. Jina lilikuwa limetoka peke yake, mwenyewe bado yuko ndani. Nikamvuta polepole. "Hana shingo," nikasema.

"Anamezaje sasa?"

"Hamezi. Anakaa na wewe mdomoni mpaka unayeyuka, kama sukari guru."

Nshoma aliangusha ndoo. Maji yakamwagika, yakakimbia kuelekea mjini, na habari ikakimbia nayo.

Kabla sijafika nyumbani alikuwa amekua. Nilimkuta Shangazi Minza uani, dada yake baba, mwanamke mwenye sauti ya kufukuzia ndege mashambani, anawahutubia majirani.

"Nyie mnamsikia Gwangwandu leo? Mimi nilimsikia kabla hamjaota meno. Ana pembe moja, imepinda kushoto."

"Kulia, wifi," akasema jirani.

"Kushoto! Nani anakaa karibu na korongo, mimi au wewe?"

"Mimi nimesikia kulia."

"Basi alikuwa amekupa mgongo!"

Wakakubaliana kwamba ana pembe moja na hupinda anakotaka. Aliyekuwa anaogopa moto alimpa pua inayofuka. Mjane mmoja alimpa sauti ya marehemu mumewe, ile ya kukohoa kabla ya kubisha mlango. Mtoto mwenye minyoo alimpa tumbo. Kila mtu alimtolea alichokuwa amekichoka nyumbani kwake, na yule kiumbe wangu, ambaye nilimpa jina tu na ukosefu wa shingo, akawa na mwili kuliko sisi tuliompa.

Ikafaa. Hakuna aliyekwenda kichakani ila baba. "Baba, hujamwona?" nilimuuliza huku natazama chini. "Sijaona kitu, mwanangu," alisema akilamba kidole chenye asali. "Labda ananiheshimu." Nami nilikwenda naye, nikakaa kwenye kichuguu, nikamtazama yule mtoto akishuka mkiani kwa mama yake, akajaribu ulimi wake mwenyewe kwa mara ya kwanza, akakosa mchwa, akalamba mchanga, akashangaa. Zilikuwa siku njema kuliko zote nilizowahi kuishi. Msingi wake ulikuwa uongo, na mimi nilikaa juu yake nikicheka.

Nimekaa na hawa wawili miaka sitini, Limi, na elimu yangu ya darasa la saba haijanisaidia kuwatenganisha. Yupi alikuwepo? Kakakuona alikuwepo: alikuwa na uzito, alinusa, majani yalilala alipopita. Lakini hakuna aliyemtaja. Gwangwandu hakuwepo: hakuacha unyayo, hakula, hakunya. Lakini watu walibadilisha njia kwa ajili yake, walifunga milango kwa ajili yake, mama walimnyamazisha mtoto kwa jina lake, na mtu akikohoa mahali wengine walikaa kimya kumpisha. Ukimpima kiumbe kwa nafasi anayochukua, yupi ni mkubwa? Nilidhani nimemweka asiyekuwepo amlinde aliyepo, kama unavyoweka kinyago shambani. Sikujua kwamba asiyekuwepo naye hutaka kula. Hana tumbo lake, hula kwenye matumbo yetu. Na akishashiba hofu, watu hawaridhiki kumkwepa tena. Wanataka kumwona amekufa.

*

Mbuzi wa mtu alipotea. Ni Gwangwandu. Mtoto wa mtu alipata homa. Ni Gwangwandu. Mtemi akaita watu uwanjani.

Sasa sikiliza sheria za mji huo, ni mbili tu, na zote mbili zilitungwa na warina asali kwa sababu ya kuiogopea mizinga yao. Ya kwanza: moto hauwashwi porini mpaka asimame mtu aseme, nilimwona kwa macho yangu. Ya pili: anayelizulia pori uongo, nyumba yake haikanyagi pori tena.

Tulikaa. Wanaume walikuwa wameshika mienge ya maganda ya miti, bado haijawashwa. Jua utosini. Nyuki walivuma nyembamba. Yule wa baiskeli alikuwa nyuma, mgongo pande zote.

"Nani alimwona?" akauliza mtemi.

Wanaume wakaitazama mienge yao.

"Shangazi wa watu, wewe una habari nyingi. Ulimwona?"

"Kumwona kwa kumwona, mtemi, hapana," akasema Shangazi Minza, kwa mara ya kwanza na sauti ndogo. "Niliambiwa na Nshoma."

"Nshoma."

"Niliambiwa na Nyamizi," akasema Nshoma, akajificha nyuma ya mama yake.

Vichwa vikageuka, vyote, kama shamba la alizeti. Mtemi hakuwa mtu mkali. Alikuwa na sauti ya mtu anayekuuliza kama umeshakula.

"Mtoto wa Lutonja. Sema usiogope. Ulimwona?"

Neno lilikuwa moja. Sikumwona. Lingekaa ulimini kama punje ya mtama, lingedondoka, mienge ingerudi majumbani, na kichaka kingebaki. Nililipata. Nilikuwa nalo hapa, kwenye fizi. Lakini pembeni yangu aliketi baba, ameshika kofia yake ile anayowavulia nyuki, na nikaona nikilisema hatakwenda kichakani tena, mizinga kumi na mmoja itakuwa ya watu wengine, na hatakuwa na wa kumwambia hodi. Nikalimeza. Mimi niliyesema Gwangwandu hamezi, nikameza mimi.

"Anaona haya," akasema mtu.

"Haya au uongo?" akasema mwingine, na wengine wakaguna.

Ndipo nikasikia magoti ya baba. Yalikuwa yanalia akisimama, kama mlango mkavu. Alisimama, hakunitazama, akaitazama ile kofia.

"Mwachieni mtoto," akasema. "Mimi ndiye niliyemwona."

*

Moto uliwashwa pande nne. Moshi mkubwa, ule usiofundishwa. Baba aliombwa awashe upande wa mizinga yake kwa kuwa ndiye aliyeona, akauwasha. Nyuki wakatoka, wakamkalia mikononi na shingoni, wala hawakumuuma. Walimkalia tu, kama watu waliokuja kuuliza.

Kakakuona akitishwa hakimbii. Hujikunja. Humweka mtoto katikati, hujifunga juu yake, akawa tufe. Simba huligeuza tufe lile, hulilamba, huliuma, akachoka akaenda zake. Dhidi ya meno alipewa ngao. Dhidi ya mdomo wangu hakupewa.

Walilikuta kwenye majivu, jeusi, la mviringo, kubwa kama mtungi mdogo.

"Yai!" Shangazi Minza alipiga kigelegele. "Yai la Gwangwandu! Tumelikomesha na uzao wake!"

Walilibeba kwa nyimbo. Walilifunika kaniki, kwa kuwa mikono yao ilikumbuka mwendo ule hata kama vichwa vyao havikujua vinambeba nani. Waliliweka chini mbele ya mtemi, na mtu kwa mazoea akaweka kibuyu cha maji upande mmoja. Tufe halikwenda popote. Watu wakacheka: yai litakwendaje? Baba akasogea kulitazama. Akapitisha kidole gumba juu yake, masizi yakatoka, chini yake pakaonekana gamba, safi, la rangi ya asali. Akageuka akanitazama. Mara moja tu, kama mtu anavyotazama kidonda kilicho mwilini mwake mwenyewe. Kisha akachukua masizi kwa vidole vyake, akalifunika lile gamba tena.

Hatukusema, yeye wala mimi. Mpaka alipokufa hatukusema. Aliendelea kuvua kofia kila alipopita chini ya mti, hata mti usio na mzinga.

Na mimi peke yangu katika umati ule nilijua walichosema ni kweli. Lile yai lilikuwa na mtoto ndani.

*

Gwangwandu hakuungua. Asiyekuwepo haungui.

Alikuja kwangu siku ile ile, hana pa kukaa. Kichaka chake kimekwisha.

Alisimama mlangoni akakohoa, kile kikohozi cha marehemu mume wa mtu, akasema, "Hodi, mama."

Mama!

Sijawahi kumwogopa. Hilo ndilo linalonichosha. Nimemtazama akiinama ili asigonge kizingiti kwa ile pembe ambayo hadi leo haijui ipinde wapi. Ana tumbo la yule mtoto mwenye minyoo. Pua yake inafuka kidogo, anaifunika kwa kiganja ili asinichafulie ukuta. Nimeolewa, kaja. Nimehama, kaja. Watoto wangu sita wa tumbo wameoa na kuolewa, wamekwenda zao, wananipigia simu sikukuu. Huyu wa mdomo haoi, hahami.

"Mama, kwani mimi nilimkosea nani?"

Hukumkosea mtu.

"Walisema nimekula mbuzi."

Mbuzi alirudi mwenyewe, siku ya pili. Hakuna aliyetangaza.

"Mama, nani aliniona?"

Nyamaza, kula.

"Siwezi kula, mama. Hukunipa shingo."

Ndivyo tunavyoishi. Unadhani naongea peke yangu jikoni, Limi, mama yako naye anadhani hivyo, ananiletea dawa za usingizi. Naongea na mwanangu. Anataka kujua kama yupo, nami sina la kumwambia. Nikimwambia hayupo, basi waliungua kwa ajili ya nani? Nikimwambia yupo, basi ni yeye aliyeua, na yeye hajawahi kuua hata sisimizi. Usiku na mchana ni yeye anayeuliza na mimi ninayetegea wengine vitendawili, ili wote tuonekane tunacheza.

*

Na mji wenyewe, Limi, haukuisha. Nilidhani umeisha. Lakini kila anayeshindwa kitendawili hiki akaniambia chukua ule usio na jina, naingia, na kichaka kimeota tena, mchwa wako kwenye kichuguu, mtoto yuko mkiani, mienge haijawashwa, na mtemi anauliza kwa sauti ya kuuliza kama nimekula. Kila mara nameza. Mjomba wako alinipa mji huu, kichaka kikaungua. Mama yako alinipa mara ya pili, baada ya kile kiwanda cha biskuti, kikaungua. Nimekichoma kichaka kimoja mara nyingi kuliko moto wowote ulivyowahi kukichoma, nami nimekaa tu.

Leo ninaingia, napungua, magoti yanaacha kuuma. Nakaa pale pale uwanjani. Nangoja vichwa vigeuke kama alizeti. Vinageuka.

Havinitazami mimi.

Aliyesimama pale katikati amevaa sare ya shule. Soksi moja imeshuka. Ana nywele zile nilizozisuka mwenyewe juzi, mistari sita, mmoja umepinda kwa sababu hukutulia. Limi, unafanya nini huku? Nani kakuleta? Mimi. Mimi ndiye niliyekutegea.

Baba yangu amekaa pembeni yako, ameshika kofia. Hakujui. Ni kijana, Limi, ni mdogo kuliko mjomba wako, sikuwahi kugundua alikuwa kijana kiasi hicho. Nyuma yenu yule wa baiskeli ameshusha gunia begani. Na mstari wa mwisho kabisa, amejikunja asiwazibe watu, ameishika pembe yake kwa mikono miwili kama mtu aliyevua kofia, amekaa Gwangwandu, amekuja naye kusikiliza.

"Wewe mtoto," anasema mtemi, "sema usiogope. Ulimwona?"

Unafungua mdomo. Naliona lile dude lako la macho sita liko kwenye ulimi, tayari, lina miguu tayari. Nyuma yake naliona lile neno jingine, dogo, na naona koo lako linavyojiandaa kulimeza. Naijua ile hali ya koo. Nikikuacha uliseme dude, mienge itasikia. Nikikuacha umtaje kakakuona peke yako, gunia litasikia. Nikikuacha unyamaze, utamlea mwanao wa mdomo miaka sitini nyuma ya mlango, na utawategea watoto wa watu vitendawili.

Magoti ya baba yanalia. Anaanza kusimama.

"Baba, kaa chini," nasema.

Ananigeukia. Nami nimeshasimama, na kanga inanitosha, haiburuti tena, na meno yangu yameondoka, na magoti yangu yananiuma kweli kweli, nayo yanalia kama yake.

"Wewe ni nani, mama?" ananiuliza kwa adabu, kijana yule.

"Mimi ni Nyamizi wako. Kaa, baba. Swali lilikuwa langu."

Ananitazama usoni, anatafuta, anaona. Anakaa. Kofia anaiweka magotini. Nakuja hapo uliposimama, nakushika mkono, una jasho na unga wa karanga. Nyuki wanaacha hata ule mvumo wao mwembamba. Mtemi hana haraka, amengoja siku nyingi.

"Haya, mama mzee. Nani alimwona?"

"Hakuna aliyemwona, mtemi. Gwangwandu nilimzaa mimi, kwa mdomo huu, na yule aliyekaa kule nyuma hajamkosea mtu. Niliyemwona kwa macho yangu ni kakakuona, na mtoto wake mkiani, wote wawili wazima. Mjukuu wangu naye amewaona. Na atakayewaendea, awe na mwenge au awe na gunia, atatukuta sisi wawili tumekaa juu ya gogo."